Saa Itambuayo Kuanguka: Je, Yafaa Kuaminiwa Umatengo na Ufukweni mwa Nyasa?

Mzee aangukapo peke yake na kushindwa kuinuka, saa moja ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko zote zitakazofuata. Jambo hilo halikugunduliwa na watengenezaji wa saa. Mwaka 1981 watafiti watatu wa Uingereza, Wild, Nayak na Isaacs, walichapisha taarifa yao juu ya wazee walioanguka majumbani mwao, na ikaonekana kwamba kati ya wale waliolala sakafuni kwa zaidi ya saa moja, nusu yao walifariki kabla ya miezi sita kupita. Si lazima mfupa uvunjike. Mwili uliolala juu ya sakafu baridi hupoteza joto na maji. Misuli iliyolaliwa kwa muda mrefu huharibika na kumwaga ndani ya damu vitu vinavyodhuru figo. Mapafu yasiyojaa hewa vizuri huandaa njia ya kichomi. Kwa hiyo anayefupisha muda wa mzee kulala chini huenda akawa ameokoa maisha, hata kama hakutibu kitu chochote.

Kwa sababu hiyo yafaa kuitazama kwa makini, wala si kwa kuibeza, saa ya mkononi inayodaiwa kutambua anguko na kuita msaada yenyewe. Saa za namna hii, ambazo katika Kiswahili cha siku hizi huitwa saa janja, zilianza kujulikana na wengi mwaka 2018, pale kampuni ya Apple ya Marekani ilipotoa toleo la nne la saa yake ya Apple Watch. Kampuni nyingine zikafuata. Google iliitia saa yake ya Pixel Watch uwezo huo mwaka 2023. Leo haitakuwa ajabu mtoto aliyepata kazi Dar es Salaam, au ng'ambo, akawaza kumnunulia mama yake aliyebaki Litembo, Maguu au Liuli saa kama hiyo, ingawa bei yake ni laki kadhaa za shilingi. Nia yake ni njema kabisa. Lakini swali la kisayansi hubaki pale pale: saa iliyopimwa kwingine, juu ya miili mingine na katika kazi nyingine, yaweza kuaminiwa katika milima ya Umatengo na kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa? Makala haya yanashikilia kwamba bado haiwezi, na kwamba yeyote anayeiuza au kuihimiza kana kwamba ni mlinzi kamili anamwingiza mzee katika hatari ya aina mpya, yaani hatari ya kuachwa peke yake kwa kudhaniwa kwamba analindwa.

Ili hukumu hiyo isiwe ya maneno matupu, ni lazima kwanza ifahamike saa yenyewe inafanya nini. Ndani yake mna kipande cha silikoni kilicho kidogo kama punje ya mchele. Katika kipande hicho mna uzito mdogo mno ulioning'inizwa kwa viungo vinyumbufu, mfano wa mtoto aliyekaa kwenye bembea. Saa ikisukumwa ghafula, uzito ule hubaki nyuma kidogo, na hali ya umeme kati yake na vibamba vilivyo kando hubadilika. Mabadiliko hayo ndiyo yanayopimwa mara nyingi katika kila sekunde. Kipimo kipatikanacho huitwa mchapuko, maana yake kadiri kasi inavyobadilika kwa muda. Kifaa cha pili, jairoskopu, hupima mzunguko. Saa ile ya mwaka 2018 ilitangazwa kuwa yaweza kupima mchapuko wa hadi mara 32 ya mvutano wa dunia.

Mwanafunzi wa fizikia huenda akashangaa kusikia kwamba saa iliyolala juu ya meza haisomi sifuri. Husoma mara moja ya mvutano wa dunia, kwa kuwa meza inaisukuma juu. Ikidondoka hewani bila kuzuiwa, ndipo isomapo karibu na sifuri. Hivyo anguko la mtu aliyesimama huacha alama tatu zinazofuatana: kwanza kipindi kifupi cha wepesi, kisha pigo kali, kisha utulivu. Programu ya saa huzitafuta alama hizo, huangalia pia njia uliyopita mkono, na ikiridhika hupiga kengele na kumgusagusa mvaaji. Mvaaji asipojibu wala kujongea kwa muda wa kama dakika moja, saa za Apple hupiga simu ya dharura na kuwajulisha watu waliochaguliwa. Kampuni nyingine zimeweka muda mfupi zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Kitu kinachoanguka kutoka kimo cha mita 1 hufika chini katika sekunde 0.45 kikiwa na kasi ya mita 4.4 kwa sekunde. Ukali wa pigo hutegemea umbali ambao kitu kile kinapewa cha kusimamia. Gawanya kimo cha kuanguka kwa umbali wa kusimama, na jibu ni wastani wa pigo kwa kipimo cha mvutano wa dunia. Anayeanguka mita 1 juu ya saruji na kusimama katika sentimita 2 hupata pigo la mara 50. Anayeanguka kimo hicho hicho juu ya tuta jipya lililolimwa, likambonyelea sentimita 10, hupata mara 10 tu. Mfupa wa nyonga wa bibi wa miaka 75 haufuati sana tofauti hiyo, maana unaweza kuvunjika hata kwa mkunjo mbaya. Lakini saa huifuata. Anguko lile lile, mtu yule yule, na kifaa chaona mambo mawili mbalimbali.

Hapa ndipo Umatengo unapoanza kuleta mashaka yake.

Kilimo cha Wamatengo kinajulikana na wataalamu wa udongo wa nchi nyingi kwa sababu ya ngolo. Juu ya miteremko mikali majani hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuyafunika majani hayo, hata mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Kila shimo hukamata maji ya mvua, majani huoza na kurutubisha tuta, na udongo haukimbilii mtoni. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga majani, na wanawake ndio wanaofukia kwa jembe. Basi na afikiriwe mama mtu mzima aliyevaa saa janja kwenye kifundo cha mkono akifukia ngolo. Mkono unainuliwa juu ya bega, unashuka kwa kasi, jembe linapiga ardhi na kusimama ghafula. Wepesi, kisha pigo. Baada ya mapigo mia mbili mama huyo anaketi kivulini, mkono juu ya goti, anatulia kabisa kwa dakika mbili. Utulivu nao umepatikana. Alama zote tatu zimetimia, na hakuna aliyeanguka. Mfano wa mchi na kinu ni huo huo, na wa shoka pia.

Wataalamu watajibu, na kwa haki, kwamba jembe lina mwendo wa kurudiarudia, na mashine inaweza kufundishwa kuutambua. Ni kweli inaweza, ikiwa imeonyeshwa jembe. Mashine hizi hujifunza kwa mifano. Mojawapo ya makusanyo ya mifano yanayotumiwa sana na watafiti duniani ni lile liitwalo SisFall, lililotolewa na watafiti wa Kolombia mwaka 2017. Watu 38 walivaa vifaa kiunoni wakafanya maanguko ya aina 15 na shughuli za kawaida za aina 19. Katika shughuli hizo mna kutembea, kukimbia polepole, kupanda ngazi, kuketi kitini, kulala kitandani, kuinama, kuingia garini na kutoka. Hakuna kulima, kutwanga, kupiga kasia wala kubeba ndoo kichwani. Hata maanguko yenyewe yalifanywa na vijana wa kati ya miaka 19 na 30, kwa sababu hakuna mtafiti mwenye akili timamu anayeweza kumwamuru bibi ajiangushe. Mzee mmoja tu, mwenye miaka 60, ndiye aliyeanguka kwa ajili ya sayansi, naye alikuwa bingwa wa mchezo wa judo. Hii si lawama kwa watafiti hao, ambao walieleza wazi walichokifanya na kukitoa bure. Ni onyo kwa wale wanaochukua asilimia zilizopatikana katika chumba chenye magodoro na kuzitangaza kana kwamba zilipatikana duniani kote.

Tofauti kati ya godoro na maisha imekwisha kupimwa. Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Ulaya, wa kwanza katika orodha yao akiwa Bagalà, walichukua kanuni 13 za kutambua maanguko zilizokuwa zimechapishwa na kusifiwa, wakazijaribu juu ya maanguko 29 ya kweli ya wagonjwa waliokuwa wamevaa vipima-mchapuko mgongoni. Kwa wastani kanuni hizo zilinasa asilimia 57 tu ya maanguko. Iliyo bora kuliko zote ilinasa asilimia 83. Na zilipoachwa zimsikilize mtu kwa siku nzima, zilitoa kengele za uongo kuanzia 3 hadi 85 kwa siku. Tangu wakati huo ufundi umeendelea, na saa za leo ni bora kuliko kanuni zile. Lakini vifaa vile vilikaa mgongoni, mahali palipotulia, ilhali saa hukaa mkononi, kiungo chenye kuhangaika kuliko vyote. Watengenezaji wenyewe huandika katika maelezo yao kwamba saa haiwezi kunasa maanguko yote, na kwamba mtu afanyaye kazi za nguvu zaidi huenda akapata kengele nyingi zaidi zisizo za kweli. Maelezo hayo huwekwa mwishoni, kwa herufi ndogo. Kwa mkulima wa Mbinga yangestahili kuwa mstari wa kwanza.

Ufukweni mashaka yanageuka. Mvuvi wa usipa atokaye Mbamba Bay au Lituhi usiku na taa yake, mtumbwi ukiyumba akatumbukia majini, hapati pigo lolote la kutajwa, kwa sababu maji humpokea taratibu. Wala hatulii, bali hupigapiga mikono. Kwa saa ile mtu huyo yu hai na mwenye shughuli nyingi. Vivyo hivyo bibi anayeishiwa nguvu akateleza polepole kutoka kigodani hadi chini, mgongo ukisugua ukuta wa nyumba, hatoi alama ya wepesi wala ya pigo. Shirika la Afya Duniani hulihesabu tukio hilo kuwa anguko kamili, kwa maana ya mtu kujikuta chini bila kukusudia. Mashine hailioni, ingawa wazee wengi waliodhoofika huanguka kwa namna hiyo hiyo.

Yapo pia maanguko ambayo saa ingeyatambua bila shida, nayo ni yale ya mwembeni. Mtoto aangukaye kutoka tawi la mita 6 hutoa alama iliyo wazi kuliko zote. Madaktari wa mifupa na uti wa mgongo katika Afrika Mashariki wanayajua majeraha hayo vizuri mno. Lakini saa huvaliwa na mwenye fedha, na mwembe hupandwa na mtoto mwenye njaa.

Walimu wa hisabati wataona kwamba yaliyotajwa hadi hapa ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni hesabu ya uwezekano, nayo hupotosha hata wasomi. Na ichukuliwe, kwa mfano wa darasani tu, kwamba wazee 100 wa kata moja wamevalishwa saa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka. Wengine huanguka zaidi ya mara moja, basi yahesabiwe maanguko 40. Saa iwe nzuri sana, inase 36. Itoe kengele ya uongo mara moja tu kwa mwezi kwa kila mtu, jambo ambalo kila muuzaji angejivunia. Hizo ni kengele 1,200 kwa mwaka. Anayepokea wito hupata jumla ya 1,236, na za kweli ni 36. Chini ya 3 katika kila 100! Hata kama wavaaji watawahi kuzifuta kengele tisa katika kila kumi za uongo, zitakazobaki ni 120 dhidi ya 36, yaani wito wa kweli haufiki robo. Saa inayonasa asilimia 90 imezaa wito ambao mara nyingi ni uongo, na hakuna aliyedanganya. Sababu ni moja: kuanguka ni nadra, na kupiga jembe ni kila siku.

Si hesabu ya kubuni tu. Katika majira ya baridi yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2022, simu na saa zenye uwezo wa kutambua ajali ziliwasumbua sana wapokea simu za dharura katika milima ya jimbo la Colorado nchini Marekani. Watu waliokuwa wakiteleza juu ya theluji kwa mchezo walisimama ghafula au kugaragara wakicheka, na vifaa vyao vikaita msaada bila wao kujua. Huko kulikuwa na ofisi yenye watumishi wa kupokea kila wito na kuuhakiki. Kijijini mpokea wito ni jirani mwenye shamba lake la kupalilia, na baada ya kukimbilia nyumba ya bibi mara tatu na kumkuta akitwanga, mara ya nne hatakimbia. Wala hastahili kulaumiwa.

Kuna kiungo kingine cha mnyororo huu ambacho watangazaji wa saa hukipita haraka. Saa hutambua, kisha habari ni lazima isafiri. Saa nyingi hutegemea simu iliyo karibu, simu hutegemea mnara, na betri za vyote viwili hutegemea umeme. Kwa miaka mingi Apple iliiandikia saa yake ya kawaida uwezo wa betri wa saa 18 hivi. Mzee ni lazima akumbuke kuichaji kila siku, na wakati mzuri wa kuichaji ni usiku, ndio hasa wakati anapoamka gizani kwenda msalani na kujikwaa. Milima na mabonde kati ya Mbinga na ziwa huzuia mawimbi ya redio kama yanavyozuia macho. Na hata habari ikifika, inasema nini? Mahali huelezwa kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Mbinga ipo karibu na nyuzi 11 kusini na nyuzi 35 mashariki. Namba hiyo ikikosewa au kukatwa katika tarakimu ya pili baada ya nukta, dereva amepotezwa kwa zaidi ya kilomita moja, na katika Umatengo kilomita moja yaweza kuwa ng'ambo ya bonde lisilo na daraja.

Ufuko huo una kumbukumbu ya zamani ya habari kutofika. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo. Nahodha wa Kijerumani alitoka kwa mashua kwenda kumkemea mwenziwe, ambaye walikuwa wakifahamiana, kwa kuwa hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Simu ya upepo na ya waya ilikuwepo duniani wakati huo. Haikuwa imefika pale. Tangu hapo mengi yamebadilika. Barabara ya lami sasa yateremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, safari iliyokuwa ya mateso wakati wa masika. Hata hivyo kanuni haijabadilika kwamba uwezo wa mnyororo wa habari ni ule wa kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote, na kiungo hicho mara nyingi hakikutengenezwa na aliyeiuza saa.

Kwa haki ni lazima lisemwe pia la upande wa pili. Wapo wanaodai kwamba kijijini saa haihitajiki kabisa, kwa sababu jirani yupo na yowe linatosha. Dai hilo lina ukweli uliochakaa. Vijana wengi wamehamia mijini. Katika siku za kuchuma kahawa au kulima, nyumba hubaki na mzee mmoja na kuku, na sauti ya mtu aliyeumia kifua haivuki hata ua. Utafiti uliofanywa Cambridge, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2008 na Fleming na Brayne, uliwafuata watu 110 wenye zaidi ya miaka 90 kwa mwaka mmoja. Asilimia 60 walianguka, na kati ya hao asilimia 30 walilala chini kwa saa moja au zaidi angalau mara moja. Wengi walikuwa na kitufe cha kuitia msaada, na bado katika maanguko mengi ya kulala chini muda mrefu hawakukibonyeza: wengine hawakuwa nacho mwilini, wengine hawakutaka kusumbua watu. Mzee wa Kimatengo au wa Kinyasa naye hataki kusumbua watu. Hivyo chombo kinachoita chenyewe, bila kungoja haya za mzee zimwishe, kina thamani ambayo yowe na kitufe havina. Kinachopingwa hapa si chombo, bali ni kukiamini kabla ya kukipima.

Na kupima kwenyewe ni kazi inayowezekana. Shirika la Viwango Tanzania hupima saruji, mabati na mafuta ya kula. Hakuna sababu ya kifaa kinachouzwa kwa ahadi ya kuokoa maisha kuingia nchini kwa sifa za tangazo peke yake. Vyuo vikuu na Tume ya Sayansi na Teknolojia vingeweza kuandaa kusanyo la mienendo ya Kitanzania: jembe, mchi, kasia, ndoo, panga, baiskeli kwenye njia ya mawe, pikipiki. Si mradi wa fedha nyingi. Kazi kubwa ni kuwavalisha wakulima vipima-mchapuko kwa siku nzima za kazi halisi na kuandika kwa uaminifu walichokuwa wakifanya. Kusanyo hilo likitolewa bure, hata kampuni za ng'ambo zitalitumia, kwa kuwa jembe halipigwi Tanzania tu.

Zaidi ya hayo, kabla ya kununua saa mia moja, halmashauri au shirika lolote lenye nia njema lingefanya vema kuuliza nani atakwenda. Tanzania inao mfano mzuri wa jibu. Katika mpango wa m-mama, ambao uenezwaji wake nchi nzima ulizinduliwa mwaka 2022, mjamzito au mama aliyejifungua akipatwa na hatari hupigiwa simu namba 115 bila malipo, na pasipo gari la wagonjwa huitwa dereva wa kijijini aliyekwisha kuorodheshwa, ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Mpango huo hauna simu peke yake, bali una pia dereva na malipo yake. Mzee aliyevunjika nyonga huko Maguu anahitaji dereva yule yule. Kumpa saa kabla ya kumpa dereva ni kuanza kujenga nyumba kwa kuezeka.

Wala isisahauliwe kwamba anguko lisilotokea halihitaji kutambuliwa. Fedha ya saa moja yaweza kulipia taa ya jua ya njia ya msalani, kishikio cha mbao mlangoni, mkongojo wenye kitako cha mpira, na safari ya kwenda hospitali kuondolewa mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wa waliokufa hawakukosa kengele peke yake. Walikosa mwanga, kishikio, macho mazuri na usafiri.

Shule za sekondari za Mbinga na Nyasa zinaweza kuanza sehemu yao bila kungoja yeyote. Simu ya kawaida yenye kipima-mchapuko na programu ya bure kama phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Aachen, Ujerumani, yatosha kuchora mchoro wa mwendo. Simu ifungwe kwa kitambaa kwenye kifundo cha mkono. Mwanafunzi mmoja apige jembe mapigo 50 kisha apumzike dakika mbili, mwingine atwange, wa tatu aketi kwa kujitupa juu ya kigoda. Kwa upande wa maanguko asiangushwe mtu. Uangushwe mfuko wa kilo 50 uliojazwa mchanga, simu ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa kinene juu yake, kutoka kimo cha mita 1, mara kumi juu ya udongo uliolimwa, mara kumi juu ya udongo mgumu wa uwanjani. Kisha darasa liweke mstari katika mchoro na kuamua: pigo linalozidi hapa liitwe anguko. Wahesabu maanguko mangapi ya mfuko yamenaswa na mapigo mangapi ya jembe yamesingiziwa, halafu waushushe mstari na kuhesabu tena, waupandishe na kuhesabu tena. Wakati unaofaa kuliko mwingine kwa shule za milimani ni Machi, ngolo zinapochimbwa na akina mama wenye ujuzi wapo mashambani, tayari kuwaonyesha vijana jinsi jembe linavyoshikwa kwa kweli. Maana pigo la mwanafunzi anayeigiza halifanani na la mama aliyefanya kazi hiyo miaka arobaini, na mchoro utalionyesha jambo hilo katika dakika ya kwanza.